Vionjo vya Mlangoni

Wiki ya tatu tangu azikwe mkewe Semeni, Mhando alikuwa hajapata mtu wa kumbebesha mzigo wa lawama akaubeba mpaka mwisho. Si kwamba hakutafuta. Alianza na wa dirishani hospitalini, wale wa njoo kesho. Akapanda kwa wenye funguo za stoo ya dawa. Akapanda tena kwa wenye magari ya vioo vyeusi, mpaka akafika kwa wale ambao hata majina yao hayajui, wanaokaa juu kabisa, mahali ambapo mkubwa akikohoa, huku chini mtaa mzima unapewa notisi ya kuhama. Wote hao aliwaita kwa neno moja: wao. Wao walijua. Wao walichelewa. Wao ndio. Neno hilo alilitia katika kila kauli kama chumvi, na kama chumvi lilimwacha na kiu.

Ila kulikuwa na kauli moja iliyomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku ile ya mwisho daktari mmoja, kijana tu, macho mekundu kwa kukesha, alimwita pembeni akamwambia kwa nia njema kabisa: "Mzee, homa hii ya ini ina ajabu yake. Kirusi chenyewe hakibomoi ini. Kinaingia ndani ya seli kinakaa, kinazaana. Wanaobomoa ni askari wa mwili wake mwenyewe. Wanazibomoa seli zilizoingiliwa ili zilizobaki zipone. Sasa kwa mama, zilizoingiliwa zilikuwa nyingi mno."

Mhando aliishia darasa la nne, akawa fundi lipu. Aliposikia seli, kama ile ya polisi, akasikia askari, akasikia kubomoa, akaona hapo hahitaji tena kufafanuliwa. Maneno hayo matatu alikuwa anayajua vizuri kuliko daktari. Alishawahi kuamka akakuta alama ya X nyekundu kwenye ukuta alioupiga lipu kwa mkono wake, na siku ya saba tingatinga likaja, na askari nyuma ya tingatinga, na alipouliza amri imetoka wapi kila mmoja akamwonyesha aliye juu yake, mpaka vidole vyote vikawa vinaelekea mawinguni. Kwa hiyo swali lake lilikuwa moja. Askari habomoi bila amri. Nani aliyetoa amri ya kumbomoa Semeni?

Swali lile alilala nalo, akaamka nalo, akalila badala ya chai. Na asubuhi moja, jua limeshapanda, aliinama juu ya karai, kofia ameisogeza kisogoni, anawe uso. Akachota maji kwa viganja akayapeleka mdomoni. Maji hayakunyweka. Maji yakamnywa yeye.

*

Kule alikotokea hakukuwa na jua wala kivuli. Kulikuwa na joto, joto la mtu aliye hai, na mwanga mwekundu usiotoka popote, kama ule unaouona ukifumba macho ukiwa umelitazama jua. Vichochoro vilikuwa vya maji, na maji yenyewe yalikuwa yanakwenda kwa mapigo: yanasukuma, yanatulia, yanasukuma. Mhando akayasikiliza mapigo yale. Alikuwa anayajua. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameyalalia kwa sikio la kushoto.

Kandokando ya maji zilisimama nyumba, zimebanana bega kwa bega, hazina mwisho. Mkono wa fundi ukamtangulia kabla hajafikiri, ukagusa ukuta. Hapakuwa na saruji wala udongo wala mchanga. Ukuta ulikuwa wa mafuta, mwembamba, unatikisika kama utando juu ya maziwa ya moto, na umesimama! Unapumua, unapitisha hiki, unakataa kile, na umesimama. Akautafutia wima kwa timazi ya macho yake akaukosa. Yeye aliyepiga lipu nusu ya mji wa kwao akajiona mtoto anayechezea matope.

Na mbele ya kila mlango, juu ya kizingiti, palikuwa na kisahani. Kisahani kimoja, kingine, kingine, safu nzima katika nyumba moja tu, na elfu na elfu ukiufuata mtaa. Na katika kila kisahani chembe ya chakula, ndogo, haifiki punje ya mtama.

Mlango wa kwanza ukafunguka, akatoka Semeni kumwaga maji.

Mlango wa pili ukafunguka, akatoka Semeni na ufagio.

Wa tatu, Semeni. Ng'ambo ya maji, Semeni watatu wanaitana. Mmoja ana mvi zile alizokufa nazo, mmoja amejifunga kanga kama mwari, mmoja ni yule wa mwaka wa mafuriko, na wote wana lile kovu dogo juu ya nyusi, na wote wakicheka wanafunika mdomo kwa kiganja. Mhando alisimama katikati ya kichochoro, mtu aliyezika mke mmoja akamkuta mtaa. Akawaza, na mawazo yake yalikuwa yanakatikakatika kama uzi mbovu: kumbe hivi. Kumbe mtu si mmoja. Kumbe nilikuwa nalala na umati. Nilimwita jina moja na wakaitika wote, kwa sauti moja, kila siku, hawakukosea hata mara moja. Nani aliyewapanga? Sisi watu kumi kwenye kikao hatuelewani nani ashike kalamu. Hawa hawana idadi, na walikuwa wananipikia, wananisema, wananifunika shuka, na mimi nikidhani ni mwanamke mmoja mfupi.

Akaenda mpaka nyumba ya kona. Hakuichagua. Miguu tu.

"Hodi."

"Karibu. Ila usiguse ukuta, fundi, haujakauka."

Ulikuwa utani ule ule. Ndivyo alivyomjibu siku ya kwanza kabisa, alipokwenda kupiga lipu nyumba ya baba yake, na ukuta ulikuwa umekauka tangu juzi. Semeni wa nyumba ya kona alikuwa wa umri ule. Mhando akakaa kwenye kizingiti kando ya visahani.

"Umekonda," akasema Semeni. "Nani anakupikia?"

"Hakuna."

"Basi mnalingana, wewe na chakula: wote hampo."

Akacheka, akafunika mdomo. Mhando akacheka pia, kisha kicheko kikageuka njiani kikawa kitu kingine, akajifanya anapangusa jasho. Alipopata sauti akauliza juu ya visahani. Semeni akamshangaa kidogo, kama unavyomshangaa mtu anayekuuliza mlango ni wa nini.

"Vionjo hivyo. Kila nyumba ina kinu jikoni. Chochote kitakachopikwa humu, kiwe kizuri kiwe kibaya, lazima kidogo chake kipite kinuni kitwangwe, kiwekwe kwenye kisahani, kitoke nje. Mpita njia aonje ajue humu kunapikwa nini."

"Na usipotaka kuonyesha?"

"Hilo la kutaka linatoka wapi, mwenzangu? Sipeleki mimi. Kikipikwa, kimepita kinuni. Hata niwe nimelala."

"Nani aliyeweka sheria hiyo?"

"Ah, Mhando na sheria zake!" Akampiga kofi jepesi begani. "Kinu kilikuwapo nikazaliwa. Tangu mama yangu, tangu mama yake. Onja."

Akaonja cha kwanza kilichokuwa karibu. Ulikuwa ni ule mchuzi wake wa nazi uliozidi ndimu. Miaka ishirini na sita alikuwa akilalamikia ndimu ile.

*

Ndipo waonjaji walipoingia mtaani.

Walikuja wakichukuliwa na maji, wakajishika kwenye kuta, wakaanza kupita mlango kwa mlango. Kila mmoja alikuwa na kimo cha mtu wa kawaida na uso wa mtu anayesikiliza. Hawakuwa na bunduki wala rungu. Mhando aliwatafutia cheo mabegani, hakuona cheo. Aliyekuwa mbele alikuwa mwanamke mwembamba. Wenzake wakimwita Sikitu, na yeye akiwaita wao Sikitu, na wote walikuwa wamefanana kama visahani. Aliinama mbele ya nyumba, akagusisha ulimi kwenye kionjo, akatulia. Ndimu. Akatikisa kichwa, akasema, "Mashallah, mwenyewe yupo," akapita. Nyumba ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu. Alikuwa anaonja kwa upole na bila kuchoka, na kila alipopita ilikuwa kama mtu amesalimiwa.

Halafu kwenye nyumba ya sita ng'ambo ya maji, hakupita. Ulimi wake uligusa kionjo ukabaki pale. Mwili wake wote ukageukia ukuta. Akaweka paji la uso kwenye ukuta ule wa mafuta, akaukumbatia, na kwa dakika chache alionekana kama mtu anayemnong'oneza mgonjwa. Kisha nyumba ikaanza kujikunja. Hapakuwa na tingatinga. Hapakuwa na vumbi wala moshi. Nyumba yenyewe, kutoka ndani, ilikata nguzo zake, ikakunja mapaa, ikajifungasha vifurushi vidogo vidogo vilivyofungwa vizuri, na jirani zake wa kushoto na kulia hawakupata hata ufa. Wazoaji wakapita wakavikusanya. Sikitu alikuwa ameshafika nyumba ya saba.

Mhando alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. Kwa maisha yake yote hajaona kazi safi namna ile. Na papo hapo chuki ikampanda kama nyongo, kwa sababu aliwatambua: ndio hawa. Ndio askari wa daktari.

"Semeni," akasema, "humu ndani kuna nini?"

Semeni wa nyumba ya kona akaacha kucheka.

"Nina mgeni," akasema polepole.

Mhando akaingia jikoni. Mgeni alikuwa ameketi kwenye kigoda. Hakuwa na sufuria, hakuwa na kuni, hakuwa na mikono. Hata mdomo huwezi kusema alikuwa nao. Alikuwa na karatasi tu. Karatasi ya mapishi, ameitandika mbele ya moto wa Semeni, na moto wa Semeni na sufuria za Semeni na mikono ya Semeni ilikuwa inapika kilichoandikwa. Na kilichoandikwa kilikuwa mgeni. Alikuwa anapikwa mgeni mwingine, na mwingine, na mwingine, wanaanikwa kwenye uchaga mpaka kwenye paa. Semeni akaja akasimama jikoni, na mikono yake, bila yeye kuitazama, ikaendelea kukoroga.

"Alibisha hodi kwa adabu," akasema. "Alikuwa na ufunguo unaoingia kwenye kitasa. Nikadhani ni mtu wetu. Na tangu hapo sijapika changu."

Pembeni kinu kilikuwa kinatwanga. Mgeni hakuwa na namna ya kukipita. Alikuwa anapikwa kwenye jiko lile lile, na kidogo chake kilikuwa kinatoka. Mhando akakimbilia mlangoni. Kati ya vionjo vyote vya ndimu kulikuwa na kisahani kimoja chenye chembe isiyo ya nyumba ile. Akaonja. Haikuwa chungu wala tamu. Ilikuwa ladha ya mahali ambapo hujawahi kufika na hukuitwa.

Sikitu alikuwa nyumba tatu kutoka pale.

Mhando hakufikiri. Mtu aliyewahi kuamka akakuta X ukutani anajua la kufanya: alama inafutwa, waje wakute ukuta mweupe. Alikinyakua kisahani akakitia ndani ya shati, kisha akaanza kuvizoa na vingine, vyote, akavisukumia ndani, akafunga mlango, akaupa mgongo. Moyo ulikuwa unampiga kinyume na mapigo ya mtaa. Sasa waje. Sasa tuone. Mmoja tu. Wamekwisha kuwachukua wote, mimi naficha mmoja tu, huyu wa utani wa ukuta, je ni dhambi? Wao wana mtaa mzima. Wao wana kila kitu. Mmoja.

Na kutoka jikoni, sauti isiyo na mdomo ikasema kwa raha, kama mtu aliyesogezewa kiti:

"Ahsante, shemeji."

*

Neno lile lilimwingia Mhando kama maji baridi mgongoni. Shemeji. Ameshamwingiza kwenye ukoo. Alikuwa bado analo kichwani Sikitu alipofika mlangoni, akainama, akapapasa kizingiti kitupu.

"Hapa pana nini?" akauliza.

"Hapana kitu," akasema Mhando. "Pita."

"Nitapita, mzee wangu. Mimi bila sahani ni kipofu. Naweza kusimama hapa na kirusi kiko nyuma yako kinapiga makofi, na nisijue." Akakaa chini karibu naye, kama mtu aliyeshukuru kupumzika. "Lakini kwanza niambie, una nini kifuani? Unavimba kama mwizi wa mahindi."

Mhando akamgeukia, na yote ya wiki tatu yakamtoka kwa pamoja. "Nani amekutuma? Nitajie jina! Mimi simwogopi mtu. Nitajie aliyekupa amri nikaonane naye ana kwa ana. Nyie mnabomoa nyumba za watu, na wao wamekaa juu wanakula, wala hawajui hata mtaa huu unaitwaje!"

Sikitu alisikiliza mpaka mwisho, kwa uso ule wa kusikiliza. Kisha akasema:

"Juu wapi?"

Mhando akanyoosha kidole juu.

"Nakuuliza kwa kutaka kujua. Mimi nimesomea nyuma ya mfupa wa kifua, chuo chenye giza. Tuliingia wengi kama mchanga. Kila mmoja wetu alizaliwa na ulimi wake, unaojua ladha moja tu, kwa bahati, hakuna aliyepanga. Walimu wakatupitishia visahani. Asiyeweza kuhisi kisahani kabisa, alikufa njaa pale pale. Na aliyeonja chakula cha nyumbani akakichukia, huyo naye hakutoka. Mia waliingia, tukatoka wawili, watatu. Wale tuliotoka tuna sifa moja: hatuna ugomvi na ndimu ya mkeo."

"Unaijua ndimu yake?"

"Nimeionja kwenye milango yote, mzee. Maisha yangu yote ni ndimu. Nilikuwa napita napita, natafuta ladha ambayo sijawahi kuiona na labda isingekuja kamwe. Wenzangu wengi wanazeeka wanakufa hawajaikuta yao. Mpaka siku moja kwenye kituo cha tezi akaja mpeleka habari, anahema, ana kisahani mkononi. Nikaonja. Ilikuwa yangu. Lakini hata hapo sikunyanyuka. Ladha peke yake haitoshi. Ukinyanyuka kwa ladha tu utakuja kubomoa nyumba ya mtu kwa ndoto. Ni mpaka aliyekuletea akushike mkono akuambie na neno la pili: kweli, kuna hatari. Akanishika. Akasema. Nikawa wawili, nikawa wanne, nikawa hawa wote unaowaona. Basi. Nani katoa amri? Nyumba ilisema yenyewe, kwa kisahani. Mimi nilisadiki tu."

Mhando akainua macho juu. Alikuwa amepanda ngazi ya lawama maisha yake yote, kipandio kwa kipandio, akiwa na hakika kwamba juu kabisa kuna kiti, na kwenye kiti kuna mtu mnene. Sasa amefika kipandio cha mwisho na hakuna kiti. Kuna uwazi, na katika uwazi mapigo, na chini yake nyumba zisizo na idadi zinazojieleza milangoni pao bila kuulizwa, na walinzi wasio na mkubwa wanaokwenda wakiamini chembe ndogo kuliko mtama. Kizunguzungu kilimshika. Serikali gani hii isiyo na ikulu? Na inatawala! Ilitawala miaka yote hamsini na moja ya uhai wake, usiku na mchana, na mwenyewe Semeni hakujua hata siku moja, alikuwa anachambua mchele.

"Mtaa utapona?" akauliza, sauti imeshuka.

"Sijui. Mimi naijua ladha moja."

"Mimi najua. Nimeshamzika."

Sikitu akaonyesha milango kwa kidevu. "Huko kwenu," akasema. "Hapa bado wanapika."

Akanyanyuka, akajipangusa. "Mimi napita, kama ulivyosema. Ila nyuma yangu wanakuja wale wasiokwenda chuo. Hawajui ladha hata moja. Wao swali lao ni moja, kisahani kiko wapi? Nyumba isiyo na kisahani kwao ni nyumba yenye la kuficha, wanaibomoa. Usiwadharau. Lakini hawapo wengi leo, watachelewa, na kama humo mna mgeni, uchaga wa mkeo utakuwa umejaa. Ukipasuka, hao wa kwenye uchaga wataingia nyumba hii ya jirani, na ile, na ile."

Akafika nyumba ya jirani, akainama. Ndimu. Akapita.

Mlango nyuma ya mgongo wa Mhando ukafunguka. Semeni wa nyumba ya kona alikuwa amesimama, mikono yake bado inakoroga hewani kile ambacho hakukiandika yeye. Uso wake ulikuwa umeanza kupotea umbo. Kwa upande mmoja alikuwa mwari wa siku ya lipu, kwa upande mwingine alikuwa karatasi.

"Nipe sahani zangu, Mhando."

"Nikikupa watakubomoa."

"Wewe unadhani mimi ndiye huyu?" Akajigusa kifua kwa mkono unaokoroga. "Mimi ndiye mtaa. Huyu ni nyumba yangu ya kona. Umenipenda miaka yote hiyo, hukujua ukubwa wangu?"

"Nilijua ufupi wako tu," akasema Mhando, na machozi yakamtoka kabla hajamaliza utani.

"Basi. Sahani ndiyo kinywa changu pekee kilichobaki. Mikono sasa ni ya mgeni, moto ni wake, sufuria ni zake. Kinu bado ni changu. Na wewe, wewe mwenzangu, ndiye umenifunga mdomo."

Jikoni, mgeni alisema, "Shemeji, usimsikilize, mwanamke akiumwa anaropoka."

Mhando alivumilia mengi duniani. Alivumilia tingatinga, alivumilia dirisha la njoo kesho. Lakini kuambiwa na kile kikaratasi kwamba Semeni anaropoka, hapana. Akaitia mikono ndani ya shati. Akavitoa visahani kimoja kimoja, akavipanga kizingitini, kwa mpango wa fundi, mstari ulionyooka: ndimu, ndimu, ndimu. Cha mwisho kilikuwa kile. Kilikuwa chepesi mno. Alikishika kwa vidole viwili, na akaona kwamba hakuna wa kumsaidia kukiweka chini, na hakuna wa kumkataza, na hakuna wa kumwagiza.

Akakiweka mbele ya vyote.

"We binti!" akaita. "Sikitu! Hapa bado!"

Sikitu akageuka. Alirudi bila haraka na bila kusita. Ulimi wake ukagusa, ukabaki. Mwili wake ukaelekea ukutani, na kabla hajaweka paji la uso akapiga ukelele mmoja mwembamba, na mtaa mzima ukausikia. Kila Semeni akakaza kitasa, akaongeza visahani mlangoni. Kisha Sikitu akaukumbatia ukuta. Mhando, kwa jicho la fundi, aliona ambacho hakukiona ng'ambo ya maji: vitundu vidogo, vya duara, vilivyotobolewa kwa ustadi wa mtu anayeheshimu ukuta, na kupitia vitundu vile, chembe chache zikiingia na ujumbe. Hazikubomoa kitu. Ziliikumbusha nyumba jambo ambalo kila nyumba ilijengwa nalo katika msingi wake: namna ya kuondoka.

Semeni alikuwa anamtazama bado. Mikono yake ikaacha kukoroga. Kwa mara ya kwanza tangu Mhando aingie jikoni, mikono ile ilikuwa yake.

"Tazama vizuri, fundi," akasema. "Hakuna ufa."

Jikoni karatasi ziliraruka, uchaga ukashuka, na sauti isiyo na mdomo ikaanza kuita shemeji, shemeji, ikakatika. Mapaa yakakunjika kwa ndani. Kuta zikajifunga juu ya kila kilichokuwamo, mgeni na wageni wake wote, hata mmoja hakupenya. Na mahali palipokuwa na nyumba ya kona pakabaki vifurushi, vidogo, safi, vya kumtosha mtu kuvibeba kwa kanga moja. Wazoaji wakaja wakavibeba. Pale chini palikuwa pakavu na joto.

Mhando alisimama mbele ya uwazi ule. Alisubiri ghadhabu ije, akaikosa. Kilichokuja kilikuwa kikubwa kuliko yeye, hakina jina darasa la nne, na kilimfanya avue kofia. Sikitu alikuwa ameshaondoka. Mbali kule ng'ambo, nyumba nyingine ilikuwa inajikunja, na nyingine. Alijua zitakuwa nyingi mno. Alijua tarehe ya kifo.

Nyumba ya jirani, mlango ukafunguka. Alitoka Semeni mwenye mvi, yule wa mwaka wa mwisho, mkono mmoja umeshika mlango kwa hofu. Akatazama mahali palipokuwa na nyumba, akamtazama mwanamume aliyesimama pale na kofia mkononi. Alikuwa hajamtambua bado.

"Wewe baba," akauliza, "nani aliyeiweka nje sahani ya mwenzangu?"

Mhando akainua uso. Kwa mazoea kidole chake kilikuwa tayari kimekunjuka, kinatafuta juu, kinatafuta wao. Akakikunja.

"Mimi," akasema.